Mtakatifu Aliyefungwa Kamba Hospitalini



Huku kwetu Kituntu, kama kwingine Tanzania, jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, watu hulitumia kama tusi. Sasa leo nawaletea mtakatifu ambaye, angeishi zama zetu, tungemcheka kwamba katoka Mirembe: Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa, hospitali na wauguzi.

Alizaliwa Ureno mwaka 1495. Akiwa na miaka 8 hivi alitoka kwao, akakulia Hispania akichunga mifugo. Akawa askari, akafika hadi Vienna kwenye vita dhidi ya Waturuki, akafanya vibarua, na alipovuka miaka 40 akafungua kiduka cha vitabu na picha takatifu mjini Granada. Maisha ya kuhangaika tu.

Halafu ikafika sikukuu ya Mt. Sebastiano, tarehe 20 Januari. Alimsikiliza padre Yohane wa Avila akihubiri, akatoka pale analia kwa sauti. Alijing'oa nywele, akajigaragaza matopeni, akachana vitabu vyake, akagawa kila alichokuwa nacho. Watoto wakamfuata wakimrushia mawe. Mwishowe akapelekwa Hospitali ya Kifalme, na dawa ya kichaa wakati ule ilikuwa kamba na viboko. Alifungwa, akachapwa.

Wapo wanaokimbilia kusema alijifanya tu. Mimi naona haraka hiyo inatokana na aibu yetu: mtakatifu akiugua kifua kikuu sawa, lakini akili? Alikuwa na nini hasa, hakuna daktari anayeweza kumpima leo. Ila aliwakemea wahudumu kwa kuwatesa wenzake, na alipofunguliwa alianza kufagia na kuwaosha wagonjwa wale wale. Alitoka mle na nia moja, siku moja awe na hospitali yake, awatunze anavyotaka yeye.

Na akaipata. Alipanga nyumba, kila mgonjwa akapewa kitanda chake, wenye maradhi tofauti wakatengwa. Usiku alipita mitaani na kapu mgongoni na vyungu viwili vinavyoning'inia kwa kamba, akiwaombea chakula.

Nawaza hayo kwa sababu ya skizofrenia. Ugonjwa huu huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini na kitu, yaani umri wetu. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini anafuatiliwa, au hujifungia ndani na kuacha hata kuoga. Tunasema karogwa, na kamba inatoka ile ile ya Granada. Tumwombee, ndiyo, lakini dawa zipo, vidonge au sindano, na wengi wakizitumia hupata nafuu. Shida ni kwamba akijiona mzima anaziacha, na ugonjwa unarudi. Anayemuuguza asibishane naye kuhusu hizo sauti, asizicheke, wala asijifanye anazisikia. Aongee taratibu, kwa maneno machache, aisikilize hofu yenyewe. Aangalie amekula, ameoga, amemeza dawa. Akianza kukosa usingizi siku kadhaa, kituo cha afya mapema, msisubiri avue nguo barabarani. Na akisema anataka kujiua, msimwache peke yake hata dakika moja, mpelekeni siku hiyo hiyo. Mama anayefanya haya miaka kumi peke yake naye anahitaji mtu wa kumpokea zamu, jamani.

Julai 1549 Hospitali ya Kifalme ilishika moto. Watu walisimama nje wanatazama. Yohane akaingia, akawatoa wagonjwa, wengine akiwabeba, kutoka nyumba ile ile alimofungwa. Miezi michache baadaye alijitupa mtoni kumwokoa kijana anayezama, akaugua, na tarehe 8 Machi 1550 akafa akiwa amepiga magoti. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1690.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.