Makhan Singh: Kalasinga Aliyekataa Kurudishwa Kwao

Kama kwenu ni Sotik, au Bomet, au Kericho, basi yuko kijana unayemjua anayekula daku gizani, akavaa gambuti na kwenda kuchuma majani chai akiwa amefunga. Mwisho wa mwezi anapewa karatasi yake ya mshahara. Siku moja muombe uitazame. Kama yumo katika chama, utaona mstari wa ada ya chama cha wafanyakazi. Pesa kidogo tu, na huenda anazinung'unikia. Basi leo keti nikusimulie habari za mtu aliyefungiwa miaka kumi na moja kwa sababu ya vyama hivyo. Hakuwa Mkipsigis, hakuwa Mwislamu, na hata kuzaliwa hakuzaliwa Kenya.

Jina lake Makhan Singh. Alizaliwa Disemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, sehemu ambayo siku hizi imo ndani ya Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyetangulia kuja Kenya kutafuta riziki, na mwaka 1927 Makhan akamfuata pamoja na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Alisoma Nairobi katika ile shule ya Wahindi ambayo leo inaitwa Jamhuri High School, na kichwa alikuwa nacho, hasa cha hesabu. Lakini pesa za kuendelea na masomo ng'ambo hazikupatikana. Akaingia kazini kwenye matbaa ya baba yake.

Hebu tuiangalie Kenya aliyoikuta. Makampuni makubwa ya Kiingereza yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kupanda chai Kericho, mwaka 1924 na 1925, juu ya ardhi iliyotolewa mikononi mwa wazee wa Kipsigis. Mwanamume Mwafrika akitimiza miaka kumi na sita alivishwa kipande shingoni, na humo mliandikwa ametoka wapi, nani kamwajiri na kwa mshahara gani. Akiacha kazi bila ruhusa, lilikuwa kosa la kushtakiwa, si jambo la kusuluhishwa na nyapara. Na mishahara ilikwenda kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Hospitali na shule vilevile. Fundi wa Kihindi aliona afadhali yeye kuliko yule wa chini yake, na tajiri akafurahi, maana mmoja akidai nyongeza huambiwa mwenzake yuko tayari kwa nusu.

Hapo ndipo Makhan Singh alipotia mkono. Mwaka 1935, akiwa na miaka ishirini na moja, alichaguliwa katibu wa chama kidogo cha mafundi wa Kihindi. Alichofanya kwanza ni kukitoa lile neno "Wahindi" kwenye jina na kukifungulia mlango mfanyakazi yeyote, wa rangi yoyote na dini yoyote. Makaratasi ya kuwaita watu aliyachapisha kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Leo utasema, ajabu iko wapi? Ajabu ni kwamba wenziwe wengi hawakutaka. Kukaa benchi moja na Mwafrika kulikuwa kujishusha. Yeye aliwaambia hesabu tu: aliye chini akilipwa vibaya, wa juu yake hatapanda.

Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma karibu miezi miwili, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Mwaka 1939 wakagoma wafanyakazi wa Mombasa, bandari ikiwa katikati ya mambo, na chama chake kikasimama nao. Mwisho wa mwaka huo akasafiri kwenda India. Waingereza wakamkamata huko mwaka 1940 na kumzuia bila kumfungulia mashtaka, mpaka vita vilipokaribia kwisha.

Kenya alirudi Agosti 1947. Mwaka huo huo Chege Kibachia, aliyeongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, kule Baringo. Kwa Makhan Singh serikali ilitaka njia nyepesi zaidi: arudishwe India, yaishe. Akapewa amri ya kuondoka. Akakataa. Watu wengi wangefunga mizigo, maana kwao kulikuwa na ndugu na jamaa, na India ilikuwa imeshapata uhuru. Yeye alishikilia kwamba hapa ndipo kwake, mambo yakaenda mahakamani, na mwishowe akabaki.

Mei mosi 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa vikawa shirikisho moja la Afrika Mashariki, Kubai mwenyekiti, Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ikakataa kulisajili. Kisha ikaja tarehe 23 Aprili 1950. Katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, ulifanyika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, na Makhan Singh akasimama kutaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Si viti vichache zaidi barazani, si nyongeza ya mshahara. Uhuru. Kumbuka kwamba wakati huo Mwafrika wa Kenya hakuwa na kura. Aliipata kwa mara ya kwanza mwaka 1957, tena kwa masharti.

Wiki tatu baadaye, Mei 15, alikamatwa yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ikasimama. Wafanyakazi walitaka viongozi waachiwe, Kibachia pamoja nao, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ulisambaa nje ya mji na kuendelea zaidi ya wiki moja, huku askari wakiwatawanya watu kwa moshi wa machozi.

Mbele ya jaji alisema wazi kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala Kenya. Wala hakuficha kwamba ni mkomunisti. (Hapo mimi na wewe tuna njia yetu, lakini kusema kweli mbele ya anayekuhukumu si mchezo.) Jaji huyo, Thacker, ndiye aliyekuja kumfunga Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Makhan Singh akapelekwa Lokitaung, jangwa la Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Mkewe Satwant Kaur alibaki na watoto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 yeye akiwa ameshafungiwa zaidi ya miaka miwili, na aliachiwa Oktoba 1961, Kenyatta akiwa ameshatangulia kutoka.

Uhuru ukaja 1963. Mwaka huo vyama vya wafanyakazi wa mashambani, wa chai wakiwemo, viliungana kuwa chama kimoja, ndicho kile ambacho ada yake inakatwa mpaka leo Kericho na Sotik. Wenzake wa zamani walipata vyeo na mashamba. Makhan Singh hakupewa kitu, na sitakuficha, jambo hili linaniuma. Alirudi kwenye makaratasi yake, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952. Alifariki Nairobi Mei 1973.

Kitabu chake cha pili kilitoka mwaka 1980, yeye akiwa kaburini miaka saba. Kinasimulia miaka ya 1952 hadi 1956: migomo, mikutano na kesi za wafanyakazi ambazo yeye hakuziona hata moja, kwa kuwa miaka hiyo yote alikuwa kizuizini.