Mobutu na Chui Wake: Nani Abebe Lawama?

Safari moja ilinifikisha Kiritiri, mji mdogo wa Wambeere upande wa Embu, huko inakotoka muguka inayoteremshwa Mombasa kila uchao. Nilimfuata jamaa yangu afanyaye biashara huko. Baada ya sala ya laasiri tukaketi mkahawani kunywa chai, na hapo tukawakuta vijana wameshikana kwa maneno juu ya Manchester United.

Mmoja alimtetea mwenye klabu. Kwake yeye, fedha zimetolewa na wachezaji wa bei kubwa wamenunuliwa; wakicheza ovyo, lawama ni yao. Wa pili akamjibu kuwa ukoo wa Glazer uliinunua klabu mwaka 2005 kwa pauni milioni 790 hivi, sehemu kubwa ikiwa ya mkopo, kisha deni wakaitwika klabu yenyewe. Na baada ya ubingwa wa 2013, klabu ikakaa miaka kumi na zaidi bila taji la ligi. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mvi, niwakatie shauri.

Sikuwakatia. Niliwapa habari za mtu ambaye hakutosheka na klabu, bali alijifanya mwenye timu ya taifa na mwenye taifa pia. Nanyi wasomaji nawapa habari hizo.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, kandokando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji, akafa mtoto angali mdogo. Kijana alisoma kwa wamisionari, akawasumbua, na mwisho akaingizwa katika jeshi la wakoloni, ambamo alipanda hadi cheo cha sajini. Mwaka 1956 aliacha bunduki akashika kalamu, akaandika magazetini mjini Leopoldville. Kwa hiyo alipata kuwa mwenzetu katika kazi hii, na hapana shaka huko ndiko alikojifunza nguvu ya picha na ya kichwa cha habari.

Kalamu haikumweka. Uhuru ulipokuja 1960 alikuwa karibu na Lumumba, kisha akawa mkuu wa majeshi, na tarehe 24 Novemba 1965 akatwaa nchi. Alikuta dola iliyochanika vipande, akatafuta uzi wa kuishonea. Uzi mmoja alioupata ulikuwa kandanda.

Tumpe haki yake, kwani kumnyima maiti haki yake ni dhambi. Aliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji. Fedha zikatolewa, na matunda yakaonekana upesi. Klabu ya Englebert ya Lubumbashi, ambayo baadaye iliitwa Mazembe, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Timu ya taifa ikalichukua Kombe la Mataifa mjini Addis Ababa mwaka 1968, kwa kuifunga Ghana bao 1 kwa 0. Mwaka 1973 Vita Club ya Kinshasa nayo ikawa bingwa wa klabu za Afrika.

Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaitwa Mobutu Sese Seko. Wachezaji walikuwa Chui, naye alivaa kofia ya ngozi ya chui, hata ikawa vigumu kumtenga mtu na timu.

Machi 1974, nchini Misri, Chui waliwatoa wenyeji kwa bao 3 kwa 2, wakatoka sare na Zambia 2 kwa 2 katika fainali, na mechi iliporudiwa wakashinda 2 kwa 0. Mulamba Ndaye alifunga bao 9 katika mashindano hayo, akavunja rekodi ya Laurent Pokou wa Ivory Coast ya bao 8. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sijahitimu hata juzuu ya kwanza chuoni, lakini miaka mingi baadaye jina la Mulamba lilikuwa bado likitajwa barazani kwetu kama la ndugu wa mtaani.

Mobutu aliwapokea mashujaa kwa ukarimu wa kifalme. Kila mchezaji alipewa nyumba na gari. Nao walikuwa tayari wamekata tiketi ya Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Huko ndiko kamba ilikokatikia. Walifungwa na Scotland 2 kwa 0, wakicheza kiume. Kisha, kama walivyokuja kusimulia wachezaji wenyewe, wakagundua kuwa posho yao imeyeyuka mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Wakatishia kugoma. Tarehe 18 Juni 1974 waliingia uwanjani mioyo imekufa, Yugoslavia ikawatandika 9 kwa 0. Baada ya hapo, kwa masimulizi yao, walinzi wa rais waliwaonya wasithubutu kufungwa na Brazil zaidi ya bao 3. Brazil iliwafunga 3 kamili. Ulimwengu ulimcheka Ilunga Mwepu alipochomoka ukutani akaupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazil. Wachache walijua hofu iliyokuwa nyuma yake.

Safari hii hapakuwa na nyumba wala gari. Mobutu aliwapa kisogo. Oktoba mwaka huohuo macho yake yalikuwa kwenye ngumi, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa, kila bondia akiwa ameahidiwa dola milioni 5. Wanakandanda wakazuiwa kwenda kuchuma riziki nje. Mwaka 1976, huko Ethiopia, mabingwa walitolewa katika raundi ya kwanza, na Zaire haikuonekana tena katika fainali za Kombe la Dunia muda wote wa utawala wake.

Nchi nayo ilifuata njia ya timu. Mwishoni mwa 1973 aliwanyang'anya wageni maduka na mashamba akawagawia wapenzi wake. Bei ya shaba ikaanguka, madeni yakapanda, huku kijijini Gbadolite akijenga majumba na uwanja wa kutua Concorde. Mei 1997 alikimbia mbele ya majeshi ya Kabila, na tarehe 7 Septemba mwaka huo akafa Rabat, Morocco, akazikwa ugenini. Mulamba naye, baada ya kupigwa risasi ya mguu mwaka 1994, alikimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa dhiki hadi alipofariki mwaka 2019.

Vijana wa Kiritiri walinyamaza. Yule mtetezi akauliza kama kosa basi si la wale waliokula posho. Nikamwambia ni lao pia, na la waliopiga makofi wasiulize hesabu. Lakini Mobutu hakuacha mfuko wa timu wala daftari la kukaguliwa; aliacha mkono wake tu. Mkono ulipofumbwa, kila kitu kilikauka. Mtu akisema ushindi ni wangu kwa kuwa nimetoa, hawezi kusema hasara ni yenu. Na fedha ile haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa amana ya watu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Nilipoinuka niliiona fulana ya kijana yule. Ilikuwa jezi ya timu yao ya pale Kiritiri, na mgongoni limeandikwa jina la mheshimiwa aliyewagawia wakati wa kura. Jina hilo nalihifadhi. Nikamuuliza nyavu za magoli na nauli ya mechi hutoka wapi kura zikishapita. Alicheka kidogo, kisha akatazama chini. Wenzake ndio waliojibu, na jibu lao likawa mjadala mpya, mkali kuliko ule wa Manchester. Nikawaacha nao. Wallahu aalam.