Dokta Stirling: Mmisionari wa Lulindi aliyeishia kuwa Waziri wa Afya

Vijana wengi wa Mtwara wa leo hawalijui jina hili, ila waulize wazee wa Masasi na Newala. Dokta Stirling. Jina lake kamili ni Leader Dominic Stirling, na hilo "Leader" si cheo, ndivyo wazazi wake walivyomwita.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London. Mwaka 1935 akaja Tanganyika na misheni ya UMCA, Waanglikana wale wale waliojenga Masasi na Newala. Wakati huo hii bandari yetu kubwa ya Mtwara haikuwepo bado. Ilijengwa baada ya vita, kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga uliokuja kufa. Jimbo lote la Kusini lilikuwa mbali na serikali, mbali kwa barabara na mbali kwa bajeti.

Akapelekwa Lulindi, chini ya uwanda wa Wamakonde, upande wa kwenda Ruvuma. Huko daktari mmoja alikuwa ndiye mpasuaji, mkunga, daktari wa watoto na mtu wa meno. Maradhi ni yale tunayoyajua: malaria, safura, vidonda ndugu, uzazi uliokwama siku mbili njiani. Uwandani juu maji yalikuwa shida kubwa. Kina mama walishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, hivyo ukisema habari ya usafi, swali la kwanza linalokurudia ni maji yako wapi.

Halafu kulikuwa na ukoma. Dawa ya dapsoni haijafika. Kilichokuwepo ni sindano za mafuta ya hidnokapasi, zinauma na mara nyingi hazisaidii sana. Mwenye ukoma alikuwa anatengwa na watu wake. Misheni zote mbili za Kusini, UMCA na Wabenediktini wa Ndanda, zilifungua makazi ya wagonjwa hawa. Unaweza kusema ni dini iliwasukuma, na ni kweli. Lakini pia ni kwamba hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Serikali ya kikoloni ilijua misheni zipo, ikaona afadhali ziendelee kubeba mzigo.

Kitu ambacho mimi namhesabia zaidi Stirling ni mafunzo. Hakutaka kubaki daktari mweupe anayeabudiwa kijijini. Aliwafundisha uuguzi vijana wa hapo hapo, na ndio walioendesha wodi. Dayosisi ya Masasi ilikuwa tayari na mazoea ya kukaa na mila za watu badala ya kuzipiga vita tu: askofu wake, Vincent Lucas, ndiye aliyejulikana kwa jando la Kikristo, ambapo vijana walitahiriwa na kufundwa chini ya uangalizi wa kanisa. Kuna waliomsifu, kuna waliosema ameharibu jando na ameharibu Ukristo pia. Mjadala huo haujaisha hadi leo ukikaa na wazee.

Mwaka 1949 Stirling akafanya jambo lililowashtua wengi: akawa Mkatoliki. Maana yake ni kuiacha Lulindi, hospitali aliyoihangaikia miaka 14. Akahamia Mnero, upande wa Nachingwea, kwenye hospitali ya Wabenediktini, akaanza upya. Mgonjwa yeye hana habari na hayo. Huku Kusini Mwislamu wa Mikindani alitibiwa misheni, Mkristo naye alipeleka mtoto kwa mganga, na kesho yake wote wanakutana sokoni.

Siasa ikamkuta huko huko porini. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mfumo wa ajabu kabisa, ila TANU iliamua kuingia na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia wanaokubaliana nayo. Stirling akawa mmoja wao, akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru akachukua uraia, akabaki bungeni hadi 1980. Katikati ya hapo, miaka ya 60, alifanya kazi pia hospitali ya Kibosho, Kilimanjaro.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya. Fikiria: mtu aliyefika kama mmisionari wa wakoloni, sasa ndiye anasimamia afya ya nchi ya Ujamaa. Na akiwa kwenye kiti hicho ndipo ikaja sheria ya 1977 iliyopiga marufuku matibabu binafsi ya kutafuta faida. Hospitali za dini hazikufungwa, kwa kuwa hazikuhesabiwa kuwa za biashara. Baadhi zilikuwa tayari zinatumika kama hospitali teule za wilaya, kanisa likiendesha na serikali ikichangia.

Je, ilikuwa haki? Wapo wanaosema sheria ile iliwafukuza madaktari wazuri na kuacha foleni ndefu. Ilikuja kubadilishwa mwaka 1991. Lakini ukiitazama kutoka Lulindi, kliniki binafsi za Dar hazikuwahi kumfikia mtu wa Ruvuma hata siku moja. Aliyekuwa amemfikia ni mhudumu wa zahanati na sista wa misheni. Nadhani Stirling aliiona nchi kutokea huko chini, siyo kutokea Ocean Road.

Aliandika vitabu kuhusu maisha yake, kikiwemo kimoja cha mwaka 1947 na kingine cha 1977, vyote kwa Kiingereza, jambo ambalo ni la kusikitisha kidogo ukizingatia kazi yake aliifanya kwa Kiswahili. Alikuwa pia mtu wa skauti sana.

Aliacha uwaziri mwaka 1980, hakurudi Ulaya. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 97. Leo mgonjwa wa Mtwara anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, ya serikali, au Ndanda kwa Wabenediktini. Na Mnero, alikoanza upya, hospitali bado ipo.