William Herschel, mwanamuziki aliyefumbua joto lisiloonekana

DEREVA wa lori anayeshuka kupumzika Salgaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, huhisi joto la jiko la nyama choma likimpiga usoni kabla hajalifikia. Joto hilo husafiri kwa miali isiyoonekana. Miali ya aina hiyo ndiyo inayotumiwa viwandani kuivisha rangi ya unga inayokinga chuma, zikiwemo rimu za magari.

Aliyeifumbua ni William Herschel, aliyezaliwa Hanover, Ujerumani, mnamo Novemba 15, 1738, mwana wa mpiga muziki wa jeshi. Alihamia Uingereza mwaka wa 1757, akapata riziki kwa kufunza muziki na kupiga kinanda kanisani mjini Bath.

Usiku alitazama nyota. Kwa kukosa darubini za kumridhisha, aliyeyusha madini nyumbani na kujitengenezea vioo, akisaidiwa na dadake, Caroline. Machi 13, 1781, aligundua sayari ya Uranus. Mwaka huo huo tanuri lake lilivuja. Madini ya moto yakapasua mawe ya sakafu na mafundi wakatimua mbio kuokoa maisha yao.

Mwaka wa 1782 Mfalme George III alimtengea pauni 200 kwa mwaka, naye akaachana na kazi ya muziki.

Akitazama jua kupitia vioo vya rangi, aling'amua kuwa baadhi vilipitisha mwanga kidogo lakini joto jingi. Mwaka wa 1800 aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akapima joto la rangi moja baada ya nyingine. Liliongezeka kutoka zambarau kuelekea nyekundu. Alishuku kwamba halikomei hapo, akasogeza kipimajoto nje ya nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote. Joto likazidi.

Hata hivyo, baadaye alishikilia kimakosa kwamba joto hilo na mwanga ni vitu tofauti. Waliomfuata ndio waliothibitisha kuwa ni vya jamii moja.

Leo, rangi ya unga huivishwa kwa takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Hewa moto, ipashwayo kwa gesi au umeme, hufika kila pembe ya tanuri lakini huchelewa kupasha chuma kinene. Miali hupasha uso wa chuma upesi, ila haifiki kivulini. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huunganisha njia zote mbili.

Herschel alifariki mjini Slough mnamo Agosti 25, 1822, akiwa na umri wa miaka 83, bila kujua kazi ambayo joto alilolipima penye giza lingekuja kufanya.