Afya: Willem Einthoven, daktari aliyetuma mapigo ya moyo kwa waya wa simu tangu 1905

Masisi na Walikale, mwenye simu ya kisasa anaweza leo kuweka ndani yake programu inayohesabu mapigo ya moyo, inayomkumbusha saa ya kumeza dawa na kutunza orodha ya siku ambazo moyo ulikwenda mbio bila sababu. Wengi wanadhani jambo hilo ni jipya kabisa. Lakini kupitisha habari za moyo kwenye simu kulianza zaidi ya karne moja iliyopita, na aliyekuwa wa kwanza kufanya hivyo ni Willem Einthoven, daktari Mholanzi aliyefariki mwaka 1927. Maisha yake yanaonyesha pia kwa nini simu peke yake haiwezi kumtosha mgonjwa anayeishi mbali na hospitali.

Yatima wa baba kutoka Java

Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 mjini Semarang, kwenye kisiwa cha Java. Indonesia ya leo ilikuwa wakati huo koloni la Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akiwa bado mtoto mdogo, na mama akabaki na watoto sita. Mwaka 1870 mjane huyo alivuka bahari pamoja nao wote, wakaenda kuishi Utrecht, Uholanzi.

Huko Utrecht, mwaka 1878, Willem aliingia chuo kikuu kusomea udaktari, akitaka kufuata nyayo za baba yake. Alikuwa kijana wa michezo. Siku moja alianguka akavunjika mkono, na alipokuwa anangoja upone akaanza kuchunguza jinsi viungo vya mkono vinavyozunguka, kisha akaandika juu ya jambo hilo. Mwaka 1886, akiwa na miaka 25 tu, alianza kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alifundisha huko, bila kuhama, hadi mwisho wa maisha yake.

Uzi mwembamba na mashine ya kilo 270

Wakati huo ilikuwa inajulikana kwamba kila pigo la moyo linaambatana na umeme mdogo sana. Mwaka 1887, mjini London, Augustus Waller alifaulu kuupima umeme huo kwa mtu bila kumpasua. Lakini chombo alichotumia kilikuwa na zebaki ndani ya mrija, na zebaki ilichelewa kufuata mwendo wa moyo. Mchoro uliotoka haukuwa sahihi.

Einthoven alianza kwa kusahihisha michoro hiyo kwa hesabu. Mwaka 1895 alizipa sehemu za mchoro herufi P, Q, R, S na T, na hadi leo daktari anayesoma ECG anatumia herufi hizo hizo. Ila kupiga hesabu kwa kila mgonjwa kulichukua muda mwingi. Akatafuta njia nyingine.

Alitengeneza uzi mwembamba sana wa jiwe la kwatzi lililoyeyushwa, akaupaka madini ya fedha, akaunyoosha kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Kati ya 1901 na 1903 aliitangaza kazi hiyo kwa wataalamu wenzake. Mashine ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ilijaza vyumba viwili na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa akiwa ametumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, ili umeme wa mwili upite vizuri.

Wagonjwa mbali, mashine mbali

Hapo lilitokea tatizo ambalo wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanalijua vizuri. Mashine ilikuwa sehemu moja, wagonjwa sehemu nyingine. Haikuwezekana kuibeba hadi hospitalini, na mgonjwa mahututi hakuweza kupelekwa maabara.

Einthoven akatumia waya wa simu. Tarehe 22 Machi 1905, umeme wa moyo wa mtu aliyekuwa hospitalini ulipita kwenye waya huo kwa kilomita moja na nusu, ukachorwa maabarani. Mwaka 1906 alichapisha kwa Kifaransa michoro mingi iliyopatikana kwa njia hiyo. Mmoja ulionyesha moyo unaopiga ovyo, bila mpangilio wowote. Ugonjwa huo sasa unaitwa fibrilesheni ya atria: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, damu inatuama, inaweza kuganda, na kipande kikifika kwenye ubongo mtu anapata kiharusi, ambacho wengi kwetu wanakiita AVC.

Nobeli na msaidizi

Mwaka 1924 Einthoven alipewa tuzo ya Nobeli ya tiba, habari iliyomkuta akiwa safarini Marekani. Inasimuliwa kwamba alimkumbuka Van der Woerd, fundi aliyemsaidia kwa miaka kujenga mashine ile. Fundi huyo alikuwa amekwisha kufariki. Einthoven akawatafuta dada zake wawili, waliokuwa wanaishi katika umaskini, akagawana nao pesa za tuzo.

Simu bila mtu upande wa pili

Vyombo vidogo vinavyounganishwa na simu leo bado vinafuata kazi yake. Mgonjwa anaweka vidole vya mikono miwili kwenye vipande viwili vya chuma, na simu inachora umeme wa moyo kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kama vile Einthoven alivyofanya kwa maji ya chumvi.

Hata hivyo, programu nyingi hazina chombo hicho. Zinatumia kamera na taa ya simu kuona damu inavyopita kwenye kidole. Hizo zinahesabu mapigo, lakini hazichori umeme wa moyo, na kidole kikitikisika zinaweza kukosea.

Tofauti kubwa zaidi ni hii: mwaka 1905, mwisho wa waya kulikuwa na mtu anayejua kusoma mchoro. Mgonjwa wa Nyabiondo au wa Pinga anaweza kuwa na simu, unite na umeme wa jua wa kuishariji, lakini asiwe na wa kumtumia anachokiona. Safari ya kwenda hospitali kuu ni ya pikipiki kwenye matope, na vita vinapofunga barabara hata hiyo inakwisha. Ndiyo sababu Mkameruni Arthur Zang, aliyetengeneza Cardiopad, alianza na upande wa pili wa waya: ECG inachukuliwa kwenye kituo cha afya na kutumwa kwa daktari wa moyo mjini. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipewa tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi kwa Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwa asiye na chombo chochote, vidole bado vinasaidia. Weka viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima ukiwa umepumzika. Kwa mtu mzima, mapigo kati ya 60 na 100 ni ya kawaida. Yakiwa yanarukaruka bila mpangilio, andika siku na saa, kwenye programu au kwenye daftari, upeleke maandishi hayo kwa muuguzi. Na mtoto mwenye maumivu ya koo na homa apelekwe kituo cha afya, kwa sababu maambukizi ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuharibu vali za moyo, na moyo huo baadaye ukaanza kupiga ovyo.

Usiache dawa wala kuongeza kipimo chake kwa sababu simu imeonyesha namba nzuri au mbaya. Dawa za kuzuia damu kuganda, hasa, zinahitaji kufuatwa na mganga. Anayezimia, anayeshindwa kupumua, anayeumwa kifua, au ambaye mdomo umepinda na mkono umelegea ghafla, asingoje jibu la programu yoyote: apelekwe hospitali mara moja.

Tukumbushe kwamba Willem Einthoven alifariki mjini Leiden mwishoni mwa Septemba 1927, akiwa na miaka 67.