Abbas ibn Firnas na Mkia Uliosahaulika

Jina la Abbas ibn Firnas wengi tumelisikia kwenye mihadhara: Mwislamu aliyeruka angani miaka elfu moja kabla ya ndugu wawili wa Marekani kuunda ndege. Anatajwa, tunapiga takbira, mhadhara unaendelea. Mimi naona tunampita haraka mno.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 9 huko Ronda, kusini mwa Hispania ya leo, katika ukoo wa Kiberiberi, akaishi Cordoba chini ya maamiri wa Kiumayya. Alikuwa mshairi wa ikulu, na papo hapo fundi. Alitengeneza kioo kutokana na mawe, akaunda na kifaa cha kujulisha saa. Kitabu cha al-Khalil ibn Ahmad kuhusu mizani ya mashairi kilipofika Andalus, yeye ndiye aliyekifumbua. Nyumbani kwake alijenga chumba chenye mfano wa mbingu, na wageni waliona humo nyota na mawingu, wakashtushwa na umeme na radi. Si ajabu watu wakaanza kunong'ona. Alishtakiwa kwa uzandiki, na hakupatikana na hatia.

Habari ya kuruka kwake tunaipata kwa al-Maqqari, mwanahistoria wa Tlemcen aliyefariki 1632. Ibn Firnas alifariki 887. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunaliona pengo hilo mara moja: miaka 745. Lakini kuna shahidi wa zama zake mwenyewe, mshairi Mu'min ibn Said wa Cordoba, ambaye katika ubeti mmoja alimtaja akiwa amevaa manyoya ya tai na kuruka. Mu'min alikuwa hasimu wake. Kwangu ushahidi huo una uzito, kwani hasimu hana haja ya kukuzushia sifa. Zile dakika kumi angani zinazosambazwa kwenye simu zetu, hata hivyo, hazimo kwa al-Maqqari. Yeye anasema tu kwamba mtu huyu alijivika manyoya, akajiundia mbawa mbili, akaenda angani mwendo mrefu, kisha akaumia matakoni wakati wa kutua, kwa sababu hakujua kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakuwa na mkia.

Hapo wahadhiri wetu hunyamaza, nadhani kwa kuona haya. Mimi naona hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Suratul Mulk inatuita tuwatazame ndege juu yetu, namna wanavyokunjua na kukunja mbawa. Ibn Firnas alitazama. Tai hapigi mbawa muda wote. Hukunjua zile mbawa pana na kuacha hewa imbebe. Mikono ya binadamu haina nguvu ya kupiga mbawa mpaka mwili uinuke, lakini kuelea kutoka mahali pa juu kunawezekana. Kwa hiyo mfano aliouchagua ulikuwa sahihi.

Kutua ni kazi nyingine. Ndege anapaswa kupunguza kasi bila kuanguka, na mambo hayo mawili hupingana, maana mbawa hubeba kwa sababu ya mwendo. Mtazame mwewe anaposhuka: huinua kifua, mbawa huzikabilisha na upepo, na mkia huutandaza kama kipepeo cha kupepea moto, akiushusha chini. Mkia huo unamsaidia kubebwa na hewa mwendo unapopungua, unamfungia breki, na unamshika asipinduke mbele wala nyuma. Asiye nao hufika chini na kasi yake yote.

Mwaka unaotajwa zaidi ni 875. Ikiwa ndio, Ibn Firnas alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60 aliyepanda juu na kujirusha. Na aliyesimulia kuanguka kwake alitaja pia sababu yake, sababu ambayo mwewe yeyote wa sokoni anaithibitisha kila siku. Tukiikata sehemu hiyo ili shujaa wetu apendeze, tunatupa kipande kinachoifanya habari iaminike.

Leo kreta moja ya mwezini ina jina lake. Cordoba nako kuna daraja la Abbas ibn Firnas juu ya mto Guadalquivir, lililofunguliwa mwaka 2011, na umbo lake ni la mbawa mbili zilizokunjuliwa.