Ackermann, mtu aliyeachia jina usukani wa lori

ANAYEPITISHA shehena kwa Kobero anajua kuwa safari haijaisha mpaka lori limalize mteremko wa Bugarama. Barabara inatoka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kushuka, kona baada ya kona, hadi Bujumbura kwenye mita 800 hivi. Katika kona hizo magurudumu mawili ya mbele hayapindi sawa, wala hayatakiwi kupinda sawa. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la Rudolph Ackermann, ambaye leo nasimulia habari zake.

Alizaliwa mwaka 1764 huko Saxony, Ujerumani, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alijifunza kazi ya baba yake, akawa mchoraji wa magari ya farasi, akahama mji hadi mji mpaka London. Mwaka 1795 alifungua duka la picha katika mtaa wa Strand. Gari lililobeba jeneza la Admirali Nelson mwaka 1806 alilibuni yeye, na mwaka 1809 alianzisha jarida la sanaa na mitindo lililodumu karibu miaka 20.

Vita vya Napoleon vilipoiharibu Ujerumani, alihangaika kukusanya michango London kwa ajili ya waliopoteza kila kitu. Kwa msomaji aliyewahi kurudi kwao akakuta ukuta mtupu, nadhani jambo hilo ni kubwa kuliko usukani.

Na usukani wenyewe, kusema kweli, hakuubuni yeye. Aliyeubuni ni Georg Lankensperger, mtengeneza magari wa Munich; Ackermann alikuwa wakala wake, akausajili London mwaka 1818. Jina likabaki la wakala. Wafanyabiashara mnayajua hayo.

Zamani ekseli nzima ya mbele iligeuka juu ya pini moja ya katikati, na kona ikiwa kali gari lilipinduka kirahisi. Lankensperger alilipa kila gurudumu pini yake, akaunganisha mikono yake miwili kwa fito. Mikono imeinamia ndani, hivyo gurudumu la upande wa ndani wa kona hupinda zaidi, maana duara lake ni dogo.

Fito hiyo ndiyo tairodi anayoilalia chini fundi wa gereji pale Buyenzi. Fundi makini haigusi kwanza. Hupima upepo wa matairi, hunyanyua ekseli na kutikisa gurudumu kujua kama kingipini, beringi au viungo vimelegea. Vikilegea, vipimo vyote ni bure. Kisha hutia alama katikati ya matairi yote mawili kwa mbele, kwenye kimo cha ekseli, na kupima umbali kati yake. Lori husogezwa mpaka alama zifike nyuma kimo kilekile, hupima tena. Tofauti ni milimita chache tu, kwa kipimo cha kiwanda. Ikizidi, hulegeza vibano, huzungusha tairodi, hukaza, hupima upya. Anayeruka hatua hii hununua matairi mapya mapema, na usukani wake huvuta pembeni kwenye mteremko akiwa na tani 30.

Watengeneza magari wa London hawakuupokea vizuri mpango huo. Ackermann alifariki mwaka 1834. Carl Benz alisajili usukani wa namna hiyo kwa magari ya injini mwaka 1893.